Zamu wa Makinga

Nilimdharau mtu yule tangu asubuhi ya kwanza nilipomkabidhi kinga yangu, na sikuacha kumdharau miaka yote niliyomjua. Nasema mapema, ili msomaji asije akadhani naandika sifa. Sababu nilikuwa nazo, na nyingine ninazo mpaka leo. Lakini kuna neno moja nililomtupia mbele ya askari, pamoja na kipande cha bati, na ni neno hilo lililonikalisha hapa kuandika.

Kinga, kwetu Butembo na Beni, ni baiskeli. Yangu ilikuwa ya baba. Aliipata kwa kushusha kabichi na viazi kutoka kilimani kwa mgongo wake mwenyewe, miaka na miaka, na alipokufa kaka yangu alichukua shamba, mimi nikachukua kinga kwa kuwa ndimi niliyesoma. Bila kinga ile nisingekuwa karani. Kutoka kilima chetu mpaka kituo cha malori, pale Butembo inapoanza upande wa Rughenda, kwa miguu ni karibu nusu ya siku. Kwa kinga unafika uji ungali na joto tumboni. Kila Jumatatu nilishuka, nikaiacha kinga kituoni, nikapanda lori la abiria mpaka Beni, ambako tajiri mmoja Mwislamu alikuwa na duka na malori mawili, nami nilikuwa namwandikia barua zake za Kifaransa. Jumamosi nilirudi, nikaichukua, nikapanda kilima kwenda kwa mke wangu Masika. Kazi yangu, ndoa yangu, na jina langu kule kilimani vyote vilining'inia kwenye kinga hiyo moja. Na siku tano kati ya saba ilikuwa mikononi mwa Zamu.

Zamu maana yake ni mlinzi tu. Hatukumwita jina jingine, na mimi sikumuuliza. Ningemuuliza ningepata nini? Watu wa vilimani kwetu wanapewa majina kwa kufuata mpangilio wa kuzaliwa: mvulana wa kwanza Mumbere, wa pili Kambale, wa tatu Kasereka, na kuendelea. Mimi ni Kambale. Simama sokoni uite Kambale, nusu ya soko itageuka. Kwa hiyo Zamu alikuwa Zamu, na hiyo ilimtosha.

Ua wake ulikuwa kiwanja cha udongo mwekundu kilichozungushiwa matete, kando ya mahali malori yaliposimama. Upande mmoja palikuwa na paa la mabati, lililoweza kufunika makinga ishirini hivi. Mengine yalisimama nje, kwenye jua na mvua. Wazungu ndio waliouweka ua huo, kwa kuchoshwa na makinga yaliyotupwa ovyo barabarani, na ndio waliompa yeye kofia ya kepi. Wazungu waliondoka, kepi ikabaki. Ilikuwa kubwa kuliko kichwa chake, akajaza majani ya mahindi ndani isimwangukie machoni. Chini ya kepi hiyo palikuwa na mtu mfupi, mwembamba, mwenye koti la mvua hata siku za jua, na uso wa mtu aliyekabidhiwa nchi nzima.

Kumkabidhi kinga ilikuwa ibada. Hukuruhusiwa kuisukuma ndani mwenyewe. Ulisimama mlangoni, yeye akaishika gido, yaani usukani, akaizunguka polepole, akataja kwa sauti kila kasoro aliyoiona, watu wote wakisikia. Yangu niliijua kwa moyo, kama sala ya asubuhi: "Kengele, hapana kofia. Pedali ya kushoto, raba moja. Kiti, balishona na uzi mweusi." Halafu akauliza, "Ni ile?" nawe ukajibu ndiyo. Jumamosi, wakati wa kuichukua, alizitaja tena kasoro zile zile, hakupunguza hata moja, kisha akauliza, "Ni nzima?" Na mwenye kinga alitakiwa kujibu, "Ni nzima, Zamu." Ndipo alipoiachia.

Niseme jinsi nilivyoona haya. Nilikuwa nimevaa shati jeupe, kalamu mfukoni, wasichana wa soko wanapita na makapu ya vitunguu, na kizee yule anatangaza kwamba kiti changu kimeshonwa. Waliniita Kambale wa Kengele kwa sababu yake. Kambale kengele, Kambale kengele, na yote kwa kuwa kengele ya baba ilipoteza kofia kabla sijazaliwa. Kwa hiyo sikumjibu kamwe. Alipouliza "Ni nzima?" nilisonya, nikaishika gido, nikavuta. Naye alishikilia upande wa pili mpaka alipochoka, au mpaka mtu wa nyuma alipopiga kelele. Tulikuwa tunavutana hivyo karibu kila Jumamosi, karani na zamu, juu ya neno moja.

"Kwa nini unanipotezea wakati?" nilimuuliza siku moja. "Unaona mwenyewe ni nzima."

"Kinga hapana kusema," akanijibu. "Mi njo minasema juu yake. Na weye unasema juu yako. Ordre ni ordre."

Ordre ni ordre. Amri ni amri: hayo yalikuwa maneno yake ya Kifaransa, yote. Aliyatumia kwa mvua, kwa ugonjwa, kwa misiba. Na hiyo ordre yake ilikuwa na ngazi. Chini ya paa alilaza makinga ya makarani, ya walimu, ya wakatekista, yenye taa na rangi bado. Nje, kwenye matope, aliweka yale ya wakulima, yenye fito zilizofungwa kwa kamba za mgomba ili kubeba magunia. Mtu mwenye kalamu alipigiwa saluti. Mtu mwenye jembe aliambiwa, "Nyuma kule, pale na choo." Na kumbuka kwamba yeye mwenyewe hakuwa na kalamu wala jembe wala kinga. Hakujua hata kuipanda! Miaka yote ile aliyasukuma tu, akitembea kando, mkono kwenye kiti.

Jambo hilo nililifanyia mzaha mbele za watu, na nilitaka liume. Ilikuwa Jumamosi ya soko, ua umejaa, naye ameishikilia gido yangu akingoja nijibu. Nikasema kwa sauti, "Weye mutu gani? Unachunga kitu haujui hata kupanda!"

Watu wakacheka sana. Zamu hakubadilika uso.

"Banachungaka ngombe," akasema, "na hapana kuipanda."

Wakacheka tena, safari hii wakinitazama mimi. Jumatatu iliyofuata nilikuta ameniondoa kwenye paa. Kinga ya baba iliwekwa mwisho kabisa, matopeni, kati ya makinga mawili ya wauza kabichi, hatua tatu kutoka chooni. Nikadai nafasi yangu. Akaniambia nafasi chini ya paa ni ya watu wanaosema "ni nzima". Nikaapa moyoni kwamba sitalisema neno hilo hata akinilipa. Kinga ikabaki kule kule matopeni.

Ujinga wake ulikuwa wa namna nyingi, lakini mkubwa kuliko wote ulikuwa ule wa mwanzo, kabla hajaanza kutoa jetoni. Wakati huo aliandika jina la mwenye kinga kwa chaki, kwenye kiti. Sasa fikiri: mtu amezaliwa milima hii hii, anajua majina yetu, na bado anakaa kuandika Kambale, Kambale, Kasereka, Kambale. Lilimfika. Siku moja alikuja Kambale mmoja, mkatekista, mtu mwaminifu kabisa, akaomba kinga ya Kambale. Akapewa kinga ya Kambale. Ilikuwa ya Kambale mwingine, muuza majembe. Mkatekista alikuwa ameazima kinga ya padri, haijui vizuri, akaipanda hiyo aliyopewa akaenda nayo mpaka Lubero, na kuku wa muuza majembe akiwa amefungwa nyuma.

Ungedhani mlinzi angengoja mkatekista arudi. Zamu alimweka mke wake mlangoni na ufagio, akaenda Lubero kwa miguu. Alirudi siku ya nne anaisukuma kinga kwa mkono, na kuku mzima kichwani pa gido, amevimba miguu. Kituo kizima kilitoka kutazama. Mtu ana magurudumu mawili mikononi, na anatembea! Mimi nilicheka mpaka nikashika mti. Yeye alimpa muuza majembe kinga yake, akazitaja kasoro, akamtaja na kuku, akauliza, "Ni nzima?"

Tangu siku ile hakuamini jina tena, wala uso. Alikusanya makopo ya maziwa, akakata vifuniko, na kila kifuniko akakigawa mara mbili kwa mkasi, kwa mkato wa meno meno, kila kimoja meno yake. Nusu moja aliifunga kwenye kinga kwa waya, nusu nyingine alikupa wewe. Hiyo ndiyo jetoni. Ulipokuja, alizikutanisha nusu mbili, na kama jino halikuingia kwenye pengo lake, hata ungekuwa askofu ungerudi kwa miguu.

Nilishuhudia mwenyewe alivyomtesa mtu mmoja, mkulima, aliyeshuka kwenye lori la Beni anahema. Alikuwa ameletewa habari kwamba mke wake ameshikwa na uchungu na mtoto hatoki. Jetoni hakuwa nayo, ameisahau katika koti jingine, nyumbani. Akalia, akapiga magoti. Sisi sote tulimjua, tukasema, Zamu, tunamjua huyu, mpe. Zamu akatikisa kichwa. "Munamujua. Lakini jetoni hapana kumujua."

Nikamtukana kwa lugha zote nilizokuwa nazo. Basi akafanya jambo ambalo sijaona mtu mwenye akili akilifanya. Akampa mke wake ufagio, akaishika kinga ya yule mtu, akaanza kukimbia nayo. Akakimbia kuelekea kilimani, akiisukuma, kepi mkononi, na mwenye kinga anakimbia kando yake. Kinga moja nzima, watu wawili wanakimbia, hakuna aliyeipanda: mmoja hajui, mwingine haruhusiwi. Walifika juu, yule mtu akaingia ndani, akatoa nusu ya jetoni kwenye koti, ikaingia, ndipo akapewa kinga yake akamkimbiza mkewe hospitali. Alijifungua salama, kama mtauliza. Mimi niliisimulia hadithi hiyo Beni kwa miezi, na kila mara duka zima lilicheka.

Ilipokuja dipanda, ndiyo uhuru, watu walicheza barabarani. Wengine waliamini kwamba kuanzia asubuhi hiyo hakuna foleni, hakuna kodi, hakuna kuulizwa. Mtu mmoja akaja uani amekunywa kidogo, akasema, "Zamu, dipanda imefika. Nachukua kinga yangu bila jetoni."

Zamu akasimama mlangoni, mikono kwenye matete huku na huku. "Dipanda ni ya inchi," akasema. "Kinga iko na jetoni."

Niliwaambia wenzangu, tazameni, huyu ataendelea kuwa boyi wa wazungu mpaka kaburini. Hata kepi hakuivua siku ile. Alipita mkuu mpya wa mtaa, akampigia saluti ile ile aliyowapigia waliotangulia. Alimpigia saluti mtu wa posta. Alikuwa mwoga wa nguo yoyote yenye vifungo vya shaba, na akiona askari mkono ulipanda wenyewe kwenye kepi. Nililiongeza hilo katika orodha yangu ya sababu.

Hata mambo yake mema yalinichefua. Alifunika viti vya makinga kwa majani ya mgomba, jua lisivipasue, mvua isiviloweshe, chini ya paa na matopeni vile vile, kisha akakugombeza kwa dakika nzima kwamba umechelewa. "Kinga yako inalala hapa kama yatima," alisema, hata ukichelewa siku moja. Bugali yake aliila kwa kusimama, ameyaelekea makinga. Kama ungeniuliza wakati huo, ningekwambia huyo si mtu kamili, ni mlango tu uliovishwa koti.

Kisha yakaja maasi. Ilikuwa katikati ya juma, mimi nikiwa Beni. Waasi waliingia na majani vichwani, na jambo moja lilijulikana upesi, kwamba walikuwa wanawatafuta watu wenye kalamu. Tajiri wangu alifunga duka akaniambia, "Kambale, jificha, Mungu atatukutanisha." Kalamu niliizika chini ya mgomba. Nilirudi kwetu kwa njia za msituni, kwa miguu, nikala mihogo mibichi, na nilipofika kilimani Masika hakunitambua. Tulikaa juu kule miezi, tukisikiliza risasi za mabondeni. Jetoni yangu niliifunga shingoni kwa uzi, kama wengine wanavyovaa medali ya Bikira. Niliishika kila mara niliposikia mlio. Nilijiambia: nikiwa na kinga nitaanza tena; nikiikosa nitabaki kuwa kibarua katika shamba la kaka yangu.

Serikali iliporudi, nilishuka siku ya pili tu. Butembo ilinuka moshi. Pale kituoni ua ulikuwa mtupu. Paa lilikuwepo, chini yake hakuna hata pedali. Matopeni hakuna kitu. Zamu alikuwa amesimama mlangoni na kepi yake, kana kwamba analinda hewa. Kwenye benchi lake walikaa askari watatu wa serikali, bunduki magotini, na mmoja alikuwa na kinga mpya kati ya miguu, ya nani sijui.

Nikavua jetoni shingoni, nikamwonyesha. Aliitazama, akanitazama mimi, akawatazama askari.

"Hapana kinga hapa," akasema kwa sauti kubwa. "Waasi balikwisha kubeba."

"Yangu iko wapi?"

Akashusha sauti, midomo haikufunguka vizuri. "Rudia siku ya soko."

"Siku ya soko ya nini? Nakuuliza kinga ya baba yangu!"

"Nakuambia, Kambale wa Kengele. Siku ya soko."

Jina hilo lilinimaliza. Nilikuwa nimetembea toka alfajiri, nina njaa ya miezi, na mtu huyu ananiita kengele. Nikaona mambo yote kwa mara moja, au nilidhani nimeyaona: saluti zake, woga wake, ngazi zake. Aliwapigia wazungu saluti, akaipigia dipanda, kwa nini asiwapigie waasi na kuwafungulia mlango?

"Uliwapa weye!" nikapiga kelele. "Uliwapatia waasi kinga ya baba yangu! Weye ni mutu wa waasi!"

Siku zile neno hilo halikuhitaji shahidi wa pili. Nililijua. Nilipolisema nilikuwa nalijua. Nikamtupia jetoni usoni, ikamkata chini ya jicho, damu kidogo ikatoka. Mkono wake ulikuwa tayari kwenye kepi, unapiga saluti, kwa kuwa askari mmoja alikuwa amesimama.

"Yaka," askari akamwambia kwa Kilingala, akimwashiria aje.

Nikaondoka. Sikuwa nimefika barabarani niliposikia kitako cha bunduki kinapiga, na nikasikia akiburutwa na kucheka kwao. Nilifurahi. Ningeweza kuandika kwamba nilisikitika, lakini nilifurahi, na furaha hiyo ilinifikisha kilimani bila kuchoka.

Baadaye niliambiwa kwamba walimshika siku tatu, wakitaka kujua makinga yamekwenda wapi, na kwamba alitoka mguu mmoja umevunjika na ukaunga vibaya. Mke wake akamchukua wakahama. Mabati ya paa yakaibwa, ua ukawa wa mbuzi. Jirani yangu mmoja, muuza vitunguu, aliniambia kwamba yeye kinga yake aliipata. Wengi wa wale wa matopeni walipata, siku ya soko, kwa mke wa Zamu, kule kwenye mikaratusi alikoyaficha mumewe. "Nenda ukamutafute," akaniambia. Nikamjibu kwamba makinga ya wauza vitunguu nani angeyataka, ndiyo maana yalibaki. Ya makarani ndiyo aliyoyauza. Nilisahau kwa makusudi kwamba yangu ilikuwa matopeni. Na hata ningekumbuka, nisingekwenda kumwomba kitu mtu yule.

Tajiri wangu alifungua duka tena. Nikahamia Beni na Masika, tukapanga chumba. Kilima nilikiona Noeli kwa Noeli.

Miaka ilipita kadhaa. Tajiri akanituma na lori kusini, tupakie maharagwe Kirumba. Tulipofika Alimbongo, kwenye baridi ile na ukungu, lori likavunja resori, ile springi ya gurudumu, dereva akasema tutalala njiani. Nikatembea kuelekea sokoni kutafuta chai. Kando ya soko palikuwa na uzio wa matete, na ndani yake makinga yamepangwa mstari. Kila kiti kilikuwa kimefunikwa kwa kipande cha gunia. Niliitambua kazi ile kabla sijamwona mtu.

Alikuwa mlangoni. Kepi ilikuwa imepoteza ukingo wake wa mbele. Mguu wa kulia ulitazama nje, meno ya mbele hayakuwepo, na chini ya jicho palikuwa na alama ndogo, nyeupe. Nilitaka kurudi nyuma. Alikuwa ameshaniona.

"Kambale wa Kengele," akasema. "Umekawia."

Hakunisalimu wala hakunipa mkono. Alichechemea mpaka nyuma ya nyumba, nikasikia vitu vinasogezwa, akatoka anaisukuma kinga ya baba.

Sitasema ilikuwa mpya. Ilikuwa ile ile. Magurudumu yalipakwa mafuta ya mawese, mnyororo unang'aa. Nikanyoosha mkono nishike gido. Akairudisha nyuma.

"Jetoni."

"Zamu," nikasema, "jetoni nilikutupia."

"Minajua."

Mke wake alikuwa ametoka na kikapu, akasimama kunitazama kuanzia viatu. "Njo huyu Kambale wa Kengele?" akamuuliza mumewe. Kisha akaniambia mimi: "Alisukuma kinga yako toka Butembo mpaka hapa, na ile muguu. Nilifikiri uko mutu mukubwa."

Nikamgeukia Zamu. "Kwa nini hukuniambia siku ile iko wapi?"

Akanitazama kama alivyowatazama watu wanaouliza kama mvua inalowesha. "Mbele ya basoda, bale askari? Mumoja alikuwa amekwisha kukalia ya mutu. Balinipiga siku tatu juu ya ile njia ya mikaratusi. Nilikuambia siku ya soko. Batu bote balikuya. Weye tu."

"Na waasi?"

"Balibeba ya chini ya paa. Ya matope, balisema bichafu." Akafikiri kidogo. "Kama ungalikuwa unasemaka 'ni nzima', ingalikwenda."

Akaingiza mkono ndani ya koti, akatoa kopo, akalifungua. Alitafuta kwa kidole, akatoa kipande kimoja cha bati, ukingo wake una meno. Akakiweka kiganjani mwangu na kunifunga vidole. Halafu akanipa mgongo, akachechemea mpaka mlangoni kwake, akasimama katikati, akaiweka kepi sawa.

"Jetoni?" akauliza, kana kwamba ndiyo kwanza nimefika.

Nikampa. Watu wawili watatu wa soko walikuwa wamejipanga nyuma yangu, wanangoja makinga yao. Akakutanisha nusu mbili mbele ya macho yake mabovu, na jino likaingia kwenye pengo lake.

"Zamu, siku ile mimi..."

"Kengele, hapana kofia," akasema kwa sauti ya zamani. "Pedali ya kushoto, raba moja. Kiti, balishona na uzi mweusi."

Hakuongeza kasoro hata moja, maana haikuongezeka. Nilitazama mguu wake, nikatazama mdomo wake.

"Ni nzima?"

"Ni nzima, Zamu," nikasema.

"Sauti. Batu basikie."

Nikarudia, kwa sauti, mpaka wauza maharagwe wakageuka. Nilikuwa nalia, na nililia mbele yao. Akaniachia gido, akatazama juu ya bega langu, kwa mtu aliyefuata.

"Pita basi," akaniambia. "Unaziba mulango."